Kibati Kilichosema Uongo: Uchambuzi wa Kisa cha Trekta Kuukuu la Bustani, Mombasa

Majina, mtaa na bei vimeondolewa. Vipimo vya injini vimeandikwa kwa inchi pale kiwanda kilipotumia inchi, kwa sababu nusu ya matatizo ya kisa hiki yalianzia kwenye kubadilisha inchi kuwa milimita kwa kukadiria.

Usuli

Mnunuzi ni msimamizi wa nyumba za wageni upande wa kaskazini wa kisiwa, kwenye uwanja wa ekari mbili hivi. Ni nyasi na minazi, na udongo ni mwembamba juu ya mwamba wa matumbawe. Mashine mbili za kusukuma kwa mkono zilikuwa zikimaliza uwanja kwa siku tatu, na zikifika mwisho, mwanzo umeshaota tena. Msimu wa masika hazikufua dafu kabisa.

Mashine mpya ya kukalia ilikuwa mara nne ya fedha alizokuwa nazo. Akasikia habari za trekta dogo la bustani lililokuwa likiuzwa: Wheel Horse C-120 la miaka ya 1970, lililoingia nchini zamani ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani na kuachwa chini ya kibanda cha makuti. Wheel Horse ilikuwa kampuni ya South Bend, Indiana, Marekani, na ilinunuliwa na kampuni ya Toro mwaka 1986. Hakuna duka Mombasa linaloweka spea kwa jina hilo, na muuzaji hakulificha.

Hata hivyo wazo halikuwa baya. C-120 ilikuwa ikitoka kiwandani na injini ya Kohler ya jamii ya K, silinda moja, bloku ya chuma cha kutupwa. Bloku ya namna hiyo huboreka, yaani silinda ikichakaa hupanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, mara moja, mara mbili, hata tatu. Mashine nyingi za siku hizi za kukatia nyasi zina bloku ya aluminiamu, na ikichakaa mara nyingi safari yake imeishia hapo. Giaboksi ya trekta hili nayo ni ya gia za chuma tupu, haina pampu ya mafuta ya kuendeshea magurudumu. Ni mashine ambayo fundi wa gereji ya kawaida anaielewa akiitazama tu.

Ukaguzi wa siku ya kununua

Fundi aliyekwenda na mnunuzi ni wa pikipiki na jenereta. Alifanya mambo manne, na inafaa kuyatazama moja moja.

Kwanza alichomeka geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, akazungusha kwa stata, sindano ikapanda kidogo tu. Akatangaza injini imekufa. Hukumu hiyo haikuwa sahihi. Injini hizi za K zina kifaa kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali) kinachoinua vali ya ekzosi kidogo wakati wa kuwashwa ili stata isilemewe. Kwa mwendo wa stata, sehemu ya presha hutoka kwa makusudi, na geji haiwezi kusema ukweli. Kipimo kinachofaa kwa mikono mitupu ni kuzungusha flaiwili, gurudumu zito la injini, kinyume na mwendo wake, dhidi ya presha: ikirudishwa kwa nguvu, silinda bado inashika. Ikizunguka kwa ulegevu, kuna kazi. Hata hivyo kosa hilo lilimsaidia mnunuzi, kwani bei ilishuka.

Pili alichomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Mafuta yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Mpira unaoziba shina la gia ulikuwa umepasuka, na kibanda cha makuti hakizuii mvua ya upepo wa kusi. Fundi alilitambua tatizo hili vizuri na kulieleza.

Tatu alishika magurudumu ya nyuma akayatikisa. La kushoto lilicheza juu ya ekseli. Habu za trekta hili, yaani vitovu vya magurudumu, hushikwa na kii ya nusu mwezi (kipande cha chuma kinachozuia habu kuteleza juu ya ekseli) pamoja na skrubu ya kubana, na skrubu ikilegea, kii hula ekseli polepole mpaka njia yake inakuwa pana.

Nne alisoma kibati kilichopo kwenye kava la feni la injini. Kilisomeka K301, yaani nguvu farasi 12, sawasawa na alichotarajia kwenye C-120. Akakipiga picha. Hapo ndipo kisa kilipokwenda mrama, ingawa hakuna aliyejua kwa majuma saba.

Kuliamsha

Kazi ya kwanza haikuhitaji spea za kuagiza. Tangi la petroli lilioshwa, bomba la mpira likabadilishwa, kabureta ikafunguliwa na utando wa petroli iliyokauka ukatolewa. Kabureta hii ina skrubu mbili za kurekebisha mchanganyiko. Hufungwa mpaka ziguse tu, kisha hufunguliwa: ya mzigo mizunguko 2 hivi, ya mwendo wa chini mzunguko 1 na robo, halafu hurekebishwa injini ikishapata moto. Asiyejua huzikaza kama boliti, ncha ikapata mfereji, na kuanzia hapo injini haitatulia tena.

Pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche, zilikuwa na kutu. Ziko nje ya bloku chini ya kikava kidogo, hazihitaji kufungua flaiwili, na hilo ni jambo la kushukuru. Zilisuguliwa, pengo likawekwa inchi 0.020 (milimita 0.5), plagi ikawekwa inchi 0.035 (milimita 0.9). Koili ilikuwa imekufa. Fundi akapata koili ya volti 12 ya gari la zamani kwenye duka la spea mjini, akaifunga, trekta likanguruma siku hiyo hiyo, watu wakapiga makofi.

Baada ya siku nne pointi zilikuwa zimeungua, zina shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Koili za volti 12 ni za aina mbili. Moja ina ukinzani wa ndani wa omu 3 hadi 4 na hufungwa moja kwa moja. Nyingine ina omu 1.5 hivi na lazima itanguliwe na kizuizi cha nje kinachopunguza umeme, ambacho kwenye gari lake la asili kilikuwepo. Kwa macho zinafanana, na hata rangi huweza kuwa moja. Mita ya kawaida ya fundi umeme, ikiwekwa kwenye omu, hutofautisha kwa sekunde tano pale pale kaunta. Koili ya pili ilipimwa kabla ya kulipiwa, ikasoma omu 3.4, na tatizo halikurudi.

Giaboksi ilimwagwa, ikatiwa lita moja ya dizeli, trekta likasukumwa kwa mikono mbele na nyuma mita chache likiwa kwenye gia, kisha likamwagwa tena. Halikuendeshwa kwa injini likiwa na dizeli ndani, kwa kuwa dizeli hailindi gia zikiwa na mzigo. Yakaingia mafuta ya gia namba 90, karibu lita 2, na baada ya saa tano za kazi yakamwagwa yakiwa bado na ukungu. Mara ya tatu ndipo yalipobaki safi. Mpira wa shina la gia ulikatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli na kubanwa kwa klipu. Haupendezi, lakini hauvuji.

Deki na jiwe la matumbawe

Siku ya sita kisu cha deki, lile sanduku la chuma chini ya trekta linalobeba visu, kiligonga kichwa cha mwamba kilichokuwa kimejificha kwenye nyasi. Kwenye ardhi ya pwani jambo hili si ajali, ni suala la lini. Shafti ya kisu cha kati ilipinda, na ilipofunguliwa beringi zake zilikuwa tayari zimekauka: nyuzi za makumbi ya nazi zilikuwa zimejisokota kwenye shafti mpaka zikala sili na kumaliza grisi.

Kutu ilisuguliwa, namba ikasomeka: 6205, na pembeni yake alama iliyofutika nusu. Duka la beringi lilikuwa na 6205 tele, za kuzibwa pande mbili. Kufika kwenye benchi, beringi inaingia vizuri kwenye nyumba yake, milimita 52, lakini haipiti kwenye shafti. Fundi akachukua tupa. Aliyemzuia ni mkerezaji wa karakana ya jirani, aliyetoa vernia na kupima shafti: milimita 25.4, inchi moja kamili. 6205 ya kawaida ina tundu la milimita 25. Alama iliyofutika ilikuwa 16, maana kuna 6205-16 iliyotengenezwa kwa shafti ya inchi moja, ikiwa na umbo la nje lile lile.

Kupiga tupa kungeondoa milimita 0.4 bila mviringo, kisu kingetikisika, na kisu kinachotikisika kwa mwendo huo huua beringi mpya kwa juma moja. Uamuzi uliochukuliwa ndio bora kuliko yote katika kisa hiki. Kwa vile shafti ilikuwa imepinda na haina budi kutengenezwa upya, mkerezaji aliichonga kutoka chuma cha EN8 kwa vipimo viwili: milimita 25 mahali pa beringi, na inchi moja mahali pa puli na kisu, ili puli ya asili isiguswe. Kuanzia siku hiyo beringi za deki ni za kununuliwa popote Mombasa. Shafti mbili za pembeni nazo zilikerezwa hivyo hivyo, ingawa hazikuwa zimepinda.

Mikanda ilikwenda nusu kwa nusu. Mkanda wa kuendesha trekta ni wa upana wa B, sawa na ile ya mashine za kusaga mahindi. Urefu ulipimwa kwa uzi uliopitishwa kwenye puli zote, na ule wa kusagia ukafanya kazi mpaka leo. Mkanda wa deki ulinunuliwa kwa njia hiyo hiyo ukapasuka kwa majuma matatu, kwa sababu pale kuna puli inayousukuma kwa mgongo, na mkanda wa kawaida haukuundwa kukunjwa kinyume. Wa deki ukaingizwa kwenye orodha ya kuagiza.

Ringi zisizo na silinda

Kufikia juma la tano trekta lilikuwa likitoa moshi wa buluu na kula robo lita ya mafuta kwa kila ukataji. Mnunuzi, akiwa na haraka kabla ya masika, aliagiza ringi za K301, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda, kutoka Marekani kwa kutumia picha ya kibati. Hakungoja injini ifunguliwe. Hoja yake ilikuwa kwamba mzigo huchukua majuma mawili, basi bora uje wakati kazi inaendelea.

Ringi zilifika. Kichwa cha injini kikatolewa, ringi moja ikasukumwa ndani ya silinda kupima pengo la ncha zake. Kwenye silinda mpya pengo hilo ni kati ya inchi 0.010 na 0.020. Fundi alichomeka kidole gumba. Pengo lilikuwa karibu sentimita nzima.

Mkerezaji aliitwa na maikromita yake. Silinda ilisoma inchi 3.500 chini kabisa, pasipofikiwa na ringi, na 3.504 karibu na juu. K301 ina kipenyo cha inchi 3.375. Inchi 3.500 ni K321, nguvu farasi 14. Tofauti ya inchi 0.125 ya kipenyo ni zaidi ya milimita 9.9 kwenye mzingo, ndilo lile pengo lililomeza kidole. Zamani mtu alibadilisha injini au bloku, akahamisha kava la feni la zamani kwa sababu linafunga vizuri na bado lina rangi. Kibati kilikuwa cha kweli, ila si cha injini ile.

Kwa nini halikutambulika mapema? Injini hizi mbili zina mwendo mmoja wa pistoni, inchi 3.25, na kwa nje ni mapacha. Nguvu farasi mbili za ziada hakuna anayezihisi kwenye trekta asilowahi kuliendesha. Kipimo pekee cha uhakika kilikuwa kutoa kichwa, kazi ya saa moja, na gharama yake ni gasketi moja.

Uamuzi wa kuboa, na kilichokutwa ndani

Njia zilikuwa tatu: kuweka ringi mpya za kipimo cha kawaida kwenye silinda iliyochakaa, kununua injini ya Kichina ya farasi 13 yenye shafti ya kulala, au kuboa.

Ringi peke yake zilikataliwa kwa sababu uchakavu wa inchi 0.004, mwingi ukiwa juu, umepita kikomo cha 0.003 na moshi ungerudi. Injini ya Kichina ilivutia kwa bei. Ilikataliwa kwa sababu ingetaka bamba jipya la kuifungia, puli mpya na njia nyingine ya kuendeshea deki, na mkerezaji alipohesabu saa zake, unafuu wote ukayeyuka. Kwa maoni yetu ni hesabu ya haki kwa trekta hili. Lingekuwa na bloku iliyotoboka, jibu lingekuwa jingine.

Wakaboa. Pistoni za K321 huuzwa zikiwa zimeongezwa inchi 0.010, 0.020 na 0.030, na 0.010 ilitosha kusafisha uchakavu. Mboaji hakukubali kukata hata chembe kabla ya pistoni yenyewe kuwekwa mezani. Mnunuzi aliona anacheleweshwa, lakini kukata kabla ya kuipata pistoni na kupelekewa saizi nyingine kungemaanisha kukata mara mbili.

Injini ikiwa wazi, mambo matatu yalitazamwa. Konrodi ya jamii hii, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), ni aluminiamu inayozunguka moja kwa moja kwenye kranki, haina maganda ya beringi, na hupata mafuta kwa kijiko kinachoyarusha kutoka chini. Haina pampu wala filta. Mafuta yakipungua, konrodi ndiyo ya kwanza kufa. Pini ya kranki ilisoma inchi 1.500, haijachakaa, basi konrodi mpya ya kipimo cha kawaida ikaagizwa pamoja na pistoni.

Jambo la pili lilikuwa gia mbili za kupunguza mtikisiko zilizofungwa ndani ya bloku. Hazimo kwenye kila injini, lakini zilipo ni bomu: beringi zake ndogo za sindano zikichoka, gia huvunjika na kipande hutoboa ukuta wa bloku. Moja ilikuwa tayari inacheza. Zilitolewa zote mbili, kama wafanyavyo mafundi wengi wa injini hizi, na mtikisiko ulioongezeka unahisika kwenye usukani injini ikiwa mwendo wa chini.

Vali zilisagwa na kuwekewa pengo, injini ikiwa baridi: ya kuingiza inchi 0.008 hadi 0.010, ya ekzosi inchi 0.017 hadi 0.020. Pengo la ekzosi ni pana maradufu kwa sababu vali ile hupata joto kali zaidi na hurefuka. Tapeti, vipande vinavyosukuma vali, kwa ukubwa huu wa injini zina nati za kurekebishia, hazihitaji kusaga shina la vali kama zile ndogo.

Mzigo wa pili ulibeba vitu vilivyothibitishwa kwa kipimo: pistoni na ringi, konrodi, seti ya gasketi, mkanda wa deki, na sili mbili za ekseli za nyuma. Ekseli ni inchi 1 na moja ya nane, yaani milimita 28.6, na mjini kulikuwa na sili za 28 na za 30. Ya kwanza hubana mno, ya pili huvuja.

Habu ya kushoto ndiyo iliyotoa jasho. Ilipakwa mafuta ya kupenyeza kutu kwa siku tatu, ikafungwa pula, kifaa cha kuvutia kwa skrubu, ikapashwa moto kidogo pembeni, ikatoka kwa mlio kama wa bunduki. Nyundo haikutumika, maana habu ni chuma cha kutupwa na masikio yake huvunjika. Kii mpya ilichongwa kwa tupa kutoka kwenye upau wa kii, ikaingia kwa kubana.

Matokeo

Trekta lilirudi kazini mwishoni mwa Aprili, likakosa nusu ya masika. Injini ilijazwa mafuta ya SAE 30, karibu lita 1.9, yakamwagwa baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 25. Baada ya saa 60 hivi za kazi, kijiti hakishuki kwa kiasi cha kuonekana kati ya ukataji mmoja na mwingine. Uwanja huisha kwa asubuhi moja. Fedha zote za spea na mafundi zilifika theluthi mbili ya bei ya kununulia, na karibu sehemu ya saba ya hizo ni zile ringi za K301, ambazo bado ziko kwenye boksi lake.

Uchambuzi

Kosa la ringi lina sura ya bahati mbaya, lakini mpangilio wa kazi ndio uliolizaa. Kwenye deki hakuna kilichonunuliwa bila kupimwa baada ya ile beringi ya kwanza. Kwenye injini, kibati kilipewa imani ambayo beringi haikupewa, kwa sababu kimeandikwa rasmi. Kwenye mashine ya miaka hamsini iliyopita mikononi mwa watu wasiojulikana, kava, kabureta na hata giaboksi vinaweza kuwa vimetoka kwa mashine nyingine. Kibati kinasaidia kujua uanze kuuliza wapi. Oda huandikwa kutokana na maikromita.

Kuuliza kwa jina la trekta kulipoteza siku mbili za kwanza mjini. Kila duka lilijibu hakuna. Kuuliza kwa namba ya beringi, kwa omu za koili, kwa upana wa mkanda, kulileta karibu kila kitu isipokuwa vile vitano vya mzigo wa pili. Hapa fundi alijifunza haraka, na anastahili sifa yake.

Kubadilisha shafti za deki kuwa za milimita kulifanikiwa kwa sababu deki ni sehemu inayoliwa: itagonga mwamba tena. Jaribio kama hilo kwenye ekseli ya nyuma, kwa kuikereza ifae sili ya milimita 28, lilipendekezwa na likakataliwa. Ekseli ikikatwa hairudi, na sili ya inchi hudumu miaka.

Ukaguzi ulikosa pia sakafu ya deki. Ilipakwa rangi juu ya kutu, na upande wa kutolea nyasi bisibisi sasa inapita. Mkerezaji ameshapima bamba la milimita 3 la kuchomelea, na kazi imewekwa Januari, nyasi zikiwa zimekauka.